Alihama, Kalamu Ikagoma: Kisa cha Mwandishi wa Hadithi za Mashabiki

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno mawili tu: "Dada, nimekauka."

Mimi ni beta wa mwandishi aliyeutuma. Kwa asiyezoea mambo haya, beta ni msomaji wa kwanza anayepitia rasimu ya hadithi ya shabiki, yaani hadithi ambayo shabiki hutunga kwa wahusika wa kazi anayoipenda, kabla haijatoka. Anasahihisha tahajia, anauliza maswali, na siku nyingine anamwambia mwandishi kwamba sura nzima haina kazi, iondolewe. Nimemfanyia kazi hiyo tangu hadithi yake ya kwanza, na sidhani kama kuna mtu aliyesoma maneno yake mengi kuliko mimi. Nimemwona amechoka, nimemwona ana hasira, nimemwona anaumwa na bado anamaliza sura. Kukauka sikuwahi kumsikia akikutaja.

Kisa chake nakieleza kwa kirefu, naye ameniruhusu, kwa sababu naona waandishi wengi wakikwama mahali palepale alipokwama yeye na kujihukumu kwa kosa ambalo hawakulifanya. Jina lake la kalamu silitaji, wala kazi alizoandikia, maana mashabiki wana macho na wangemtambua kabla jua halijazama.

Alikotoka na alikokwenda

Kwa karibu miaka mitano aliandika katika fandomu moja. Fandomu ni jamii ya mashabiki wa kazi fulani pamoja na kila wanachokizalisha kuihusu: hadithi, michoro, mijadala, ugomvi. Ya kwake ilikuwa ya tamthilia ya wapelelezi wawili na haikuwa kubwa. Waandishi wa kudumu walihesabika kwa vidole, na wasomaji watatu walimwachia maoni kwa kila sura, mmoja wao maoni marefu kama barua. Tamthilia ikaisha. Watu waliendelea kuandika kwa miezi kadhaa, kisha mmoja mmoja wakatawanyika. Yeye akakutana na mchezo wa video wenye ulimwengu wake wa kubuni, ambamo kuna mganga aliyefukuzwa kwao na mlinzi kijana aliyetumwa kumrudisha. Aliupenda kwa namna ile inayomnyima mtu usingizi.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kosa, na nalisema hilo mapema kwa sababu alishalaumiwa. Kuna msomaji aliyemwandikia kwamba amewakimbia. Lakini mwandishi wa hadithi za mashabiki halipwi, hana mkataba, na kitu pekee kinachomkalisha mezani ni mapenzi yake kwa wahusika. Mapenzi yakihama, naye huhama. Mambo haya hayakuanza na intaneti. Mashabiki wa tamthilia ya Star Trek walitoa jarida la Spockanalia mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata waandishi wa majarida ya namna hiyo walihamia tamthilia nyingine, wakabeba ujuzi wao na marafiki zao. Hadithi nyingi nzuri tulizonazo zimeandikwa na watu waliowahi kuhama mara tatu au nne.

Yeye alitarajia kuhama na kasi yake pia. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Jedwali

Alikuwa na jedwali ambalo alilitunza kwa uaminifu mkubwa: tarehe, jina la hadithi, idadi ya maneno. Jedwali hilo lilionyesha miaka minne ya mwisho katika fandomu ya zamani: hadithi 38, maneno kama 290,000 yaliyochapishwa. Kwa mwezi ni wastani wa maneno 6,000 hivi. Chini yake, kwa rangi nyekundu, aliandika miezi mitano ya fandomu mpya: hadithi mbili fupi, maneno 7,800. Kwa mwezi hayafiki 1,600.

"Umeona mwenyewe," aliniandikia. "Kipaji kilikuwa cha wale wapelelezi. Changu hakipo."

Nilimwomba anifungulie faili zake zote, si jedwali tu. Tulikaa nazo jioni tatu. Folda ya fandomu mpya ilikuwa na rasimu kumi na moja zilizoanzwa na kuachwa. Tulizihesabu moja moja. Ndani yake mlikuwa na maneno 26,400. Ukijumlisha na yale 7,800 yaliyotoka unapata 34,200, na ukigawa kwa miezi mitano unapata zaidi ya 6,800 kwa mwezi.

Nilimwambia ahesabu tena mwenyewe. Alihesabu. Alikaa kimya muda mrefu kisha akaandika: "Mbona ni zaidi ya zamani?"

Ilikuwa zaidi kidogo, ingawa kulinganisha huko hakukuwa kwa haki kabisa, maana kule zamani nako lazima kulikuwa na rasimu zilizotupwa ambazo hazikuandikwa popote. Hata hivyo jambo kubwa lilionekana. Kuandika alikuwa anaandika. Alichoshindwa ni kumaliza. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake ni tofauti, na kwa miezi mitano alikuwa amejitibu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya jedwali hilo, na hiki nilikigundua kwa bahati. Lilianza katika mwezi wake wa nane katika fandomu ya zamani. Miezi saba ya kwanza haikuwemo, kwa sababu wakati huo hakujiona mwandishi wa kutunza jedwali. Nilirudi kwenye barua pepe zetu za mwanzo. Katika miezi mitano ya kwanza kabisa kule kwa wapelelezi alikuwa amechapisha hadithi moja, maneno 1,900, na barua zake za siku zile zilijaa maswali: huyu angesema hivi kweli? Ofisi yao ina mlango mmoja au miwili? Walikutana kabla ya mvua ile au baada yake? Kwa maneno mengine alikuwa anailinganisha miezi yake ya ugeni na miaka yake ya uenyeji, kisha anashangaa kwa nini mgeni anapapasa ukutani kutafuta swichi ya taa.

Namba isiyo yake

Juu ya kichwa cha jedwali, kwa herufi nene, alikuwa ameandika 1,667. Waandishi wengi wataitambua namba hiyo. Inatokana na NaNoWriMo, changamoto iliyoanza mwaka 1999 ya kuandika maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba: gawa kwa siku 30, unapata 1,667 kwa siku. Shirika lililoiendesha lilitangaza kufunga milango mwaka 2025, lakini namba yake imebaki vichwani mwa watu kama kipimo cha mwandishi wa kweli.

Nilimuuliza kama amewahi kuifikia hata kwa mwezi mmoja. Hakuwahi. Mwezi wake bora kabisa, enzi za wapelelezi, ulikuwa wa maneno 19,400, yaani chini ya 650 kwa siku, na mwezi ule sote wawili tuliuona kama muujiza. Sina ubaya na changamoto ile. Ilitungwa kwa ajili ya mwezi mmoja wa mbio, na mbio zina raha yake. Ubaya ni kuichukua mbio ya mwezi mmoja na kuifanya mwendo wa maisha, tena katika nyumba ambayo hata vyumba vyake hujavijua. Namba tuliifuta. Aliniambia baadaye kwamba kuifuta tu kulimpa nafuu kuliko ushauri wangu wote.

Na ushauri wangu wa kwanza, niseme wazi, ulikuwa mbaya. Nilimwambia aandike maneno 200 kila siku bila kukosa, liwalo na liwe. Alijaribu kwa wiki tatu. Alipata maneno 4,000 na zaidi, na yote yalikuwa maelezo: ukungu, milima, taa, ukungu tena. Hakuna mhusika aliyefungua kinywa. Nilikuwa nimempa dawa ya mtu asiyeandika, na yeye alikuwa anaandika kila siku tayari. Yale maneno 200 yalimpa njia ya kuendelea kuzunguka mahali penyewe pagumu bila kupaingia.

Sauti

Mahali pagumu palikuwa mazungumzo. Niliposoma zile rasimu kumi na moja mfululizo niliona kwamba tisa kati yake ziliachwa katika hatua moja: pale mganga na mlinzi wanapobaki peke yao na inabidi waongee. Hiki hapa kipande cha mojawapo, kama alivyokiandika:

"Umechelewa," alisema mganga.
"Nimechelewa kwa sababu ulinificha njia."
"Sikukuficha. Hukuuliza."
"Ningeuliza ungeniambia?"
"Nisingekuambia."

Ukikisoma peke yake hakina kosa. Kina mwendo, kinachekesha kidogo, kinasomeka. Lakini wanaoongea hapa si mganga na mlinzi. Ni wale wapelelezi wawili, wamevishwa majoho. Kurushiana maneno kama mpira, kila jibu likimaliza la mwenzake, ndiyo ilikuwa sauti ya fandomu ya zamani, na alikuwa ameikalia miaka mitano mpaka mkono wake ukawa unaiandika wenyewe. Akili yake ilijua kwamba hawa si wao, ndiyo maana kila alipofika hapo aliona harufu ya uongo na kuifunga faili. Hakujua harufu inatoka wapi, basi akaamua inatoka kwake.

Nilimwandikia pembeni ya rasimu: "Mdogo wangu, huyu mganga anapenda kujibu mno."

Tulichofanya baada ya hapo kilichukua siku nne. Aliurudia mchezo na kunakili kwa mkono, kwenye daftari, kauli arobaini za mganga, kila moja pamoja na kauli iliyotangulia ya mtu mwingine. Kwa mkono, maana ukinakili kwa kubandika macho hayasomi. Alipomaliza akaanza kupiga mistari. Katika kauli zile mganga aliulizwa maswali kumi na saba, akajibu matatu. Mengine yote aliyapita kwa kutoa amri, au kwa kutaja kitu alichokishika mkononi. Hakumwita mlinzi kwa jina hata mara moja. Na hakutumia "kwa sababu", hata mara moja pia, kana kwamba kujieleza ni mlango alioufunga siku aliyofukuzwa kwao.

Hilo la "kwa sababu" alilipigia mstari mara mbili. Kisha akaiandika upya sehemu ileile:

"Nilikutafuta mpaka usiku," alisema mlinzi. "Kwa nini hukuniambia njia?"
Mganga alisogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Hicho kitambaa kitoe, kidonda kimeanza kunuka."
"Nimekuuliza."
"Na maji ya moto yako pale."

Nilipofika kwenye "Na maji ya moto yako pale" niliweka simu chini. Mtu amekataa kujibu swali na papo hapo amesema kila kitu: alijua mwenzake atakuja, akachemsha maji mapema. Hilo halikuwemo kwenye rasimu ya kwanza hata chembe, na wapelelezi wasingeweza kulisema, kwa sababu wapelelezi wangesema.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa kuwa naamini ndilo kiini cha kisa kizima. Watu wakizungumzia tija ya mwandishi wanazungumzia saa, ratiba, programu za kufungia intaneti. Vyote hivyo vina nafasi yake. Lakini mwandishi aliyekaa miaka katika fandomu moja ana akiba ambayo hakuihesabu kamwe: anajua kila mhusika anavyovuta pumzi, anajua kipi kilitangulia kipi, anajua wasomaji wake wameshakubali mambo gani bila kuelezwa. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwandikia nusu ya hadithi. Akihama anaiacha nyuma, na siku za kwanza lazima azitumie kujenga nyingine. Kunakili kauli arobaini ni kazi. Kuurudia mchezo ukiwa na daftari ni kazi. Kwenye jedwali lake siku hizo zote zilikuwa zimeandikwa sifuri.

Tulilibadilisha jedwali. Safu ya maneno ilibaki, lakini kando yake akaongeza safu ya vikao, na kikao kilikuwa dakika ishirini na tano za kushughulika na hadithi kwa namna yoyote: kuandika, kufuta, kunakili, kutazama upya, hata kupanga matukio kwenye karatasi. Mwezi wa kwanza alipata vikao 31. Maneno yalikuwa machache, na kwa mara ya kwanza hayakumtisha.

Msomaji mmoja

Sehemu ya pili ya kukwama ilihusu wasomaji, na hapa takwimu zilimdanganya vibaya.

Hadithi zake anaziweka Archive of Our Own, ile hifadhi ya mtandaoni ya hadithi za mashabiki ambayo wengi wetu tunaiita AO3. Ukurasa wa takwimu wa pale humwonyesha mwandishi kila hadithi imesomwa mara ngapi, imepata kudos (alama za pongezi) ngapi, maoni mangapi. Kila asubuhi alikuwa anaufungua na kulinganisha. Hadithi yake kubwa ya zamani ilikuwa na kudos zaidi ya mia sita. Hadithi fupi ya fandomu mpya ilikuwa na mia mbili na kidogo, na maoni manne. Akahitimisha kwamba huku hatakiwi.

Angalia lakini vitu hivyo viwili vinavyofanya kazi. Msomaji anaweza kutoa kudos mara moja tu kwa hadithi moja, iwe na sura moja au arobaini. Hadithi ya sura nyingi, kila inapoongezewa sura, hurudi juu ya orodha na kuonwa na watu wapya. Ile kubwa ilikuwa imerudi juu mara kumi na sita kwa muda wa miaka miwili. Hii fupi ilitokea mara moja, katika fandomu yenye watu wengi, ambako kitu kipya hufunikwa na vingine kabla ya siku kuisha. Kupata mia mbili kwa njia hiyo, ukiwa hujulikani, kulikuwa na heri kubwa. Yeye alikuwa anapima kisima kwa mvua ya siku moja.

Na bado sikutaka kumwambia kwamba asijali wasomaji. Asingeniamini na angekuwa sahihi. Kilichokuwa kimempotea ni wale watatu. Kwa miaka alikuwa anaandika akijua ni nani atacheka wapi. Watu mia mbili wasio na majina hawawezi kuziba nafasi ya mmoja unayemjua.

Kilichomsaidia ni mabadilishano. Huu ni utamaduni wa zamani wa mashabiki: unajiandikisha, unaeleza unachotaka kuandikiwa na unachoweza kuandika, waandaaji wanakupangia mtu, unamwandikia zawadi kwa siri na wewe unaandikiwa na mwingine. Maarufu kuliko yote ni Yuletide, yaliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya fandomu ndogo, ambapo zawadi haipungui maneno 1,000. Aliyojiunga yeye yalikuwa madogo, ya mashabiki wa ule mchezo peke yao. Alipangiwa mtu asiyemjua, aliyeandika katika barua yake ya maombi kwamba angependa kumwona mganga akiwa mgonjwa, kwa mara moja, na mtu mwingine akimhudumia.

Ombi la sentensi moja. Alinitumia rasimu baada ya siku tisa, maneno 3,100, imekamilika, ina mwisho. Alikuwa na msomaji mwenye sura, mwenye njaa ya kitu mahususi, na tarehe ambayo mtu huyo angeifungua zawadi yake. Sikumrekebishia mengi zaidi ya koma. Aliyepewa aliacha maoni ya aya tano, na tangu hapo anasoma kila anachokitoa.

Nimewashauri wengine wanaohama wafanye hivyo mapema zaidi, katika mwezi wa pili au wa tatu. Kwa mwoga wa tarehe za mwisho inaweza kumwelemea, basi huyo ajitolee kuwa beta wa mwenyeji mmoja. Nako ni kupata mtu.

Viporo

Nimeliacha la viporo mwisho ingawa lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Alipohama alikuwa na hadithi tatu za wapelelezi ambazo hazijaisha. Mbili zilikuwa changa. Ya tatu ndiyo ile kubwa, na ilikuwa imesimama sura ya 17 kati ya 24. Kila alipokaa na mganga, barua pepe ingeingia: kuna mtu ameuliza sura ya 18 inatoka lini. Wengi waliuliza kwa upole, na upole wao ulimuumiza kuliko ukali. Aliniambia kwamba kufungua faili mpya kulimfanya ajisikie kama mtu anayepika karamu huku wa nyumbani hawajala.

Usiku mmoja akasema atafuta vyote vitatu, aanze na ukurasa mweupe.

Nilimsihi asubiri, na nilikuwa na sababu. Hifadhi ile ilianzishwa na mashabiki kupitia Organization for Transformative Works, shirika lililoundwa mwaka 2007, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2009, baada ya watu kuona kazi zao zikipotea kwa wingi kwingineko. Mwaka 2002 tovuti ya FanFiction.Net iliondoa hadithi za watu wazima, na mwaka huohuo wa 2007 tovuti ya LiveJournal ilifunga mamia ya akaunti kwa mkupuo. Kuna hadithi za miaka ile ambazo hakuna anayeweza kuzisoma tena. Sura 17 nzuri, hata bila ya 18, ni kitu ambacho watu wamekisoma wakiwa hospitalini, wakiwa safarini, wakiwa wamefiwa. Nimeyasoma maoni yao. Kuzifuta ni haki yake kamili, ila ni haki ambayo haifai kutumika saa saba za usiku.

Tulipitia njia nyingine. AO3 ina njia ya kuiacha hadithi iwe yatima: inabaki pale, jina lako linaondolewa, na ukishafanya hivyo huwezi kuidai tena. Hilo "tena" ndilo lililomzuia. Alifikiria kutumia jina jingine la kalamu kwa kazi za mganga, lakini majina ya akaunti moja huonekana kuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo lisingemficha. Kisha akapendekeza aandike kwamba hadithi ina sura 17 kati ya 17, ionekane imekamilika, maswali yaishe.

Hilo nililikataa kwa nguvu kuliko kufuta. Wapo wasomaji wanaochuja orodha wapate hadithi zilizokamilika tu, kwa sababu wameshaumizwa mno na zisizoisha. Ukiandika 17 kati ya 17 unamkaribisha mtu huyo kwa hila, anakesha na kitabu chako, na kwenye ukurasa wa mwisho anakuta mlango umepigwa misumari. Hadithi isiyokamilika si aibu, mradi iseme kwamba haijakamilika.

Mwishowe alifanya hivi. Zile changa mbili aliziandikia kwenye muhtasari, mstari wa kwanza kabisa, kwamba zimesimama na hazitaendelea. Ile kubwa aliiongezea maelezo ya ukurasa mmoja mwishoni mwa sura ya 17: alivyokuwa amepanga iishe, nani alikuwa mhalifu, nini kingewapata wale wawili, bila urembo wowote. Akaandika kwamba huenda akarudi, huenda asirudi, na akawashukuru. Idadi ya sura aliiandika 17 kati ya alama ya kuuliza.

Majibu hayakuwa matamu yote. Msomaji yule wa barua ndefu aliandika kwamba afadhali asingejua mwisho kuliko kuujua hivyo, kama taarifa. Ana hoja, na sikumwomba mwandishi wangu ajitetee. Wengine, wengi zaidi, walisema sasa wanaweza kupumua. Barua za "lini" zilikoma ndani ya wiki moja, na kwenye jedwali vikao vya mwezi uliofuata vilipanda kutoka 31 hadi 44. Siwezi kusema ni hilo tu lililovipandisha, maana zawadi ya mabadilishano nayo ilitoka mwezi huohuo.

Sasa

Ana mwaka na miezi miwili katika fandomu ya mchezo. Amechapisha hadithi tisa. Kati ya zile rasimu kumi na moja, nne zimefufuka na kumalizwa, tatu zimetolewa vipuri, zilizobaki zimelala. Maneno kwa mwezi yanapanda na kushuka: mwezi mmoja 2,000, mwingine 9,000. Rangi nyekundu ameiondoa.

Wiki mbili zilizopita alinitumia faili. Haikuwa ya mganga. Ilikuwa sura ya 18 ya wapelelezi, maneno 640, imekatika katikati ya tukio, na juu yake ameandika: "Dada, usiniulize kitu. Soma tu."

Nimesoma. Mpelelezi wa kwanza anarusha maneno kama zamani. Wa pili, mahali ambapo siku zote angerudisha mpira, anasogeza kikombe cha mwenzake mbali na ukingo wa meza na hajibu. Nimeweka alama pembeni ya mstari huo. Sijaamua bado kama nitamwambia autoe au aujenge juu yake.